Kijana Aliyejulikana Kwao: Learie Constantine na Ziara ya 1928 katika Kitabu cha C.L.R. James

Kitabu cha C.L.R. James kiitwacho Beyond a Boundary kilichapishwa London mwaka 1963. Wengi hukihesabu miongoni mwa vitabu bora vilivyopata kuandikwa juu ya mchezo wowote. Hata hivyo, katika idara zetu za fasihi hakitajwi sana. James akitajwa, hutajwa kwa ajili ya The Black Jacobins, historia ya mapinduzi ya Haiti aliyoitoa mwaka 1938. Sababu haiko mbali: nchi yetu ilitawaliwa na Wabelgiji, nao hawakutuachia kriketi. Makala haya hayakusudii kuziba pengo hilo la michezo. Tunakusudia kuchunguza jambo moja la usimulizi, nalo ni namna James anavyoeleza kuchomoza kwa kijana mmoja wa Trinidad, Learie Constantine, katika ziara ya timu ya West Indies nchini Uingereza mwaka 1928.

Jambo hili latuhusu kuliko linavyoonekana kwa mara ya kwanza. Masimulizi ya mtu wetu aliyekwenda ng'ambo akapata jina tunayo mengi: ya wanamuziki, ya wachezaji wa kandanda, ya washairi, hata ya maprofesa. Wanafunzi huyaandika katika kazi zao za mwisho wa masomo, na takriban yote yana umbo moja. Kijana yuko kwao, hajulikani, anasafiri, siku moja anaonekana na wakubwa, tangu hapo ni mtu. Yaliyotangulia safari hupewa ukurasa mmoja wa haraka, kama mtu anavyojifuta miguu mlangoni kabla ya kuingia sebuleni. James amelipindua umbo hilo, na kwa maoni yetu hapo ndipo ilipo thamani yake kubwa kwa msomaji wa Kiswahili. Tutaonyesha pia mahali ambapo yeye mwenyewe amenaswa na umbo lile lile.

Kwa ajili ya wasomaji wasioujua mchezo wenyewe, yatosha kusema haya. Mpigaji, mwenye gongo mkononi, hulinda vijiti vitatu vilivyosimamishwa nyuma yake, viitwavyo wiketi. Mrushaji huurusha mpira mgumu akijaribu kuviangusha, na kila mpigaji anayetolewa huhesabiwa kuwa wiketi moja ya mrushaji. Mpigaji akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake hukimbia kubadilishana nafasi, na kila wabadilishanapo hupata mkimbio mmoja. Mpira ukibingirika hadi mpaka wa uwanja huleta mikimbio minne. Ukiuvuka mpaka bila kugusa ardhi, sita. Katika mchezo mrefu kila timu ya watu 11 hupiga zamu mbili, na shughuli nzima huchukua siku tatu au zaidi. Mtu mmoja aweza kuwa hodari wa kupiga, mwingine wa kurusha, mwingine wa kudaka na kuzuia mpira uwanjani. Kuwa hodari wa yote matatu ni nadra mno.

Sasa tuje kwenye tukio. Mwezi wa Juni 1928 timu ya West Indies ilicheza na kaunti ya Middlesex katika uwanja wa Lord's, London, ambao wapenzi wa kriketi huuheshimu kama nyumba ya ibada. Constantine alikuwa na miaka 26. Alikuwa ameumia na kushauriwa apumzike, lakini ziara ilihitaji fedha za viingilio, naye alicheza. Middlesex walipiga mikimbio 352 huku wakipoteza wapigaji sita tu, wakaifunga zamu yao kwa hiari. West Indies walikwisha kupoteza wapigaji watano kwa mikimbio 79 Constantine alipoingia. Kwa muda usiofika saa moja alipiga mikimbio 86, na timu ikafika 230. Katika zamu ya pili ya Middlesex alirusha mpira kwa kasi ya kutisha, akawatoa wapigaji saba kwa mikimbio 57. Sita kati yao aliwatoa katika kipindi kimoja alichotoa mikimbio 11 tu. Middlesex wakaishia 136. Ilibaki mikimbio 259 ili West Indies washinde, na hali ikawa mbaya tena: watano wametoka, 121 tu zimepatikana. Constantine akaingia mara ya pili, akapiga 103 kwa saa moja. Mpira mmoja alioupiga ulimrudia mrushaji Jack Hearne kwa nguvu hata ukamvunja kidole, na Hearne hakucheza tena msimu ule. West Indies walishinda wakiwa na wiketi tatu mkononi.

Hivyo ndivyo jina la Constantine lilivyoenea Uingereza nzima. Hadi mwisho wa ziara alikuwa amekusanya mikimbio 1,381, wiketi 107 na midako 33 katika michezo ya daraja la kwanza. Hapakuwa na mchezaji wa West Indies aliyepata kufikisha mikimbio 1,000 na wiketi 100 kwa pamoja katika ziara moja. Habari ya namna hii hujiandika yenyewe, na hapo ndipo ilipo hatari yake kwa mwandishi. Maana katika msimu ule ule, na katika uwanja ule ule wa Lord's, West Indies walicheza mchezo wao wa kwanza kabisa wa Test, yaani wa kimataifa wenye hadhi ya juu kuliko yote. Walicheza mitatu na England, wakashindwa yote mitatu kwa aibu. Ni kweli Constantine ndiye aliyepata wiketi ya kwanza ya nchi yake katika historia ya Test. Lakini katika michezo hiyo mitatu, kwa jumla, alipata mikimbio 89 na wiketi tano tu. Basi Constantine wa kweli ni yupi? Wa mchezo na Middlesex, au wa Test tatu? Anayesimulia kwa kufuata umbo la kawaida hana jibu. Huchagua siku inayong'aa na kuzinyamazia nyingine.

James hakuwako Lord's siku ile. Jambo hili ni la kushikilia sana katika kukisoma kitabu chake. Alizaliwa Tunapuna, Trinidad, mwaka 1901, mwaka ule ule aliozaliwa Constantine, na hakukanyaga Uingereza hadi mwaka 1932. Ziara ya 1928 aliifuata kama walivyoifuata watu wengine wa kisiwani, kwa habari zilizovuka bahari. Kwa hiyo yeye aliyemjua kijana yule nyumbani hakuuona mchezo uliomtambulisha duniani. Na umati uliouona mchezo haukujua lolote juu ya nyumbani. Mwandishi mwingine angejaribu kulificha pengo hilo kwa maelezo ya kubuni, kwa mawingu ya London na makofi ya wazungu wenye kofia ndefu. James halifichi. Anaweka uzito wa masimulizi mahali alipokuwapo yeye, yaani katika viwanja vya Trinidad, na kutoka hapo anaeleza kwa nini lililotokea lilikuwa halina budi kutokea.

Ukurasa wa kwanza unamwonyesha James mtoto akiwa dirishani. Nyumba yao ilitazamana na uwanja, na mtoto aliweza kusimama juu ya kiti akaangalia mchezo. Jirani yao Matthew Bondman alikuwa mtu asiye na kazi wala adabu, aliyechukiwa na familia nzima, lakini alipoinama na gongo lake kuupiga mpira, hata waliomchukia walishangaa uzuri wake. Swali ambalo kitabu chote kinalijibu limekwisha kuulizwa hapo: uzuri huu unatoka wapi kwa mtu asiyetazamiwa kuwa nao, na nani mwenye haki ya kuutambua?

Baadaye James anatuchorea ramani ya vilabu vya Port of Spain, na hii kwetu ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko zote. Queen's Park kilikuwa cha wazungu na matajiri. Shamrock kilikuwa cha wazungu Wakatoliki. Polisi walikuwa na timu yao. Stingo kilikuwa cha weusi wa tabaka la chini, mafundi na vibarua. Maple kilikuwa cha machotara wa tabaka la kati, na Shannon cha weusi waliojikwamua kidogo, walimu na makarani. James, ambaye alikuwa mweusi lakini msomi wa Queen's Royal College, alikubaliwa na Maple akajiunga nacho. Anakiri waziwazi kwamba uchaguzi huo ulimchelewesha kisiasa kwa miaka mingi. Constantine alikuwa wa Shannon. Wachezaji wa Shannon, asema James, walicheza kana kwamba watu weusi wote wa kisiwa walikuwa wakiwategemea, na kwa hakika walikuwa wakiwategemea. Hawakudondosha mpira kwa uzembe. Hawakucheza kwa kujifurahisha. Anayesoma kurasa hizo, kisha akaurudia mchezo na Middlesex, hawezi tena kuuita muujiza: timu inakaribia kuanguka, mtu anaingia na kukataa. Alikwisha kufanya hivyo kwao kwa miaka mingi, na klabu nzima ilimzoesha.

Si klabu peke yake. Baba yake, Lebrun Constantine, msimamizi katika shamba la mmea wa kakao, alizuru Uingereza mwaka 1900, na inasimuliwa kwamba meli iling'oa nanga bila yeye kwa sababu hakuwa na nauli. Watu wakachanga fedha na mashua ikamkimbiza hadi akaipata meli baharini. Katika ziara hiyo alipiga mikimbio 113 pale Lord's, mia ya kwanza ya mchezaji wa West Indies katika ardhi ya Uingereza. Mjomba wake naye alikuwa mchezaji. Learie mwenyewe alikwisha kuzuru Uingereza mwaka 1923 akiwa na miaka 21, akasifiwa kwa wepesi wake uwanjani na si kwa mengine mengi. Alirudi kisiwani akajifinyanga upya kwa makusudi: akajifanya mrushaji wa kasi, na akabadili nafasi yake ya kudaka ili asichoke bure. Miaka mitano. Miaka hiyo haikuwa na mashabiki wa London wala mwandishi wa gazeti la huko, na ndiyo iliyomfanya Constantine.

Kwa nini alijisumbua hivyo? Jibu la James ni la ujira na heshima, wala halina mapambo. Constantine alikuwa karani katika ofisi ya wanasheria, kisha katika kampuni ya mafuta. Rangi yake ilikuwa dari: hakuweza kupanda, hata angefanya kazi namna gani. Uwanjani alikuwa wa kwanza, nje ya uwanja alikuwa wa mwisho, na tofauti hiyo ilimchukiza. Aliamua kwamba kriketi itamlisha, na kwa kuwa kisiwani mchezaji halipwi, angeipata riziki hiyo Uingereza tu. Alipanda meli mwaka 1928 akiwa na nia hiyo moyoni. Mwaka 1929 alikwisha kuwa mchezaji wa kulipwa wa klabu ya Nelson, mji wa viwanda vya nguo huko Lancashire, na alidumu hapo misimu tisa. Twaona basi kwamba, katika maelezo ya James, mchezo wa Lord's si mlango uliofunguliwa na bahati. Ni mtu aliyekwenda kutafuta kazi, akaonyesha kazi yake.

Lakini sura inayotupa hoja yetu kwa ukamilifu haimhusu Constantine. Inamhusu Wilton St Hill, mpigaji wa Shannon pia, ambaye James alimtukuza kuliko Constantine. Mwaka 1923 St Hill aliachwa nje ya ziara, jambo ambalo watu wa kisiwa hawakulisahau. Timu ya Waingereza ilipokuja mwaka 1926 aliwapiga kwa umaridadi hata Lord Harris, mkubwa wa kriketi ya Uingereza, akamwona kuwa mpigaji bora wa visiwa vyote. Mwaka 1928 hatimaye akachaguliwa. Akapanda meli moja na Constantine, akacheza katika viwanja vile vile, na akashindwa kabisa. Hakuna mchezo wa Middlesex katika maisha ya St Hill. Alikuwa na zaidi ya miaka thelathini, naye alikwisha kungoja mno.

Hapa James anafanya jambo ambalo ni wahakiki wachache wangethubutu kulifanya: anampa mtu aliyeshindwa ng'ambo sura nzima, nzuri kuliko sura nyingi za washindi, na hamwondolei hata chembe ya ukuu wake. Aliyekuwa mkubwa Port of Spain alikuwa mkubwa. London haikumwona, hiyo ni habari ya London. Aidha James anaeleza jinsi kushindwa huko kulivyopokewa kisiwani kama msiba, kwa sababu watu walikuwa wameweka kwake si matumaini ya mchezo tu bali madai yao ya kuwa watu kamili. Ukizisoma sura hizi mbili pamoja, ile ya mshindi na ile ya mshindwa, unaelewa kwamba ziara ya ng'ambo haipimi kipaji peke yake. Inapima pia ni lini ulichaguliwa na umengoja miaka mingapi, na kama umekwisha kupanga utakalofanya baada yake.

Sisi tunao mfano wetu ambao haujapata James wake. Mwaka 1974 timu ya taifa, wakati huo ikiitwa Zaïre, ilikwenda kucheza Kombe la Dunia huko Ujerumani ya Magharibi, ikashindwa na Scotland, ikafungwa mabao 9 na Yugoslavia na matatu na Brazil. Katika mchezo wa mwisho Mwepu Ilunga, mzaliwa wa Lubumbashi, alitoka mbio katika ukuta akaupiga mpira wa adhabu kabla Wabrazil hawajaupiga. Ng'ambo walicheka kwa miaka mingi: Waafrika hawajui sheria za mchezo. Mwepu mwenyewe alieleza baadaye kwamba alizijua vizuri, na kwamba alifanya makusudi kwa uchungu wa namna wachezaji walivyotendewa na wakubwa wao. Mchezaji wa klabu iliyotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968 asingeweza kuwa mjinga wa sheria. Ila waliotazama walikuwa na sekunde chache za picha, na hawakuwa na Lubumbashi ya kuzisomea picha hizo. Kwa Constantine London ilijibu kwa makofi, kwa Mwepu dunia ilijibu kwa kicheko, na katika hali zote mbili walioamua hawakuwa na habari za nyumbani.

Kwa msomaji wa fasihi ya Kiswahili, mfano wa kulinganisha uko karibu. Mwaka ule ule wa 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, alisafiri na wanamuziki wenzake hadi Bombay kurekodi sahani za santuri kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Hakuwa kijana tena. Lakini safari yake ilikuwa na umbo lile lile: mtu wa asili ya chini, aliyezaliwa Fumba katika nyumba ya maskini na kuuza vyungu, anavuka bahari kwenda mji mkubwa wa dola ile ile ya Kiingereza, na jina lake linarudi limeenea pwani nzima. Shaaban Robert alikutana naye kabla hajafariki mwaka 1950, na Wasifu wa Siti binti Saad ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya wasifu katika Kiswahili cha kisasa. Wanafunzi wetu wengi hujifunza kuandika maisha ya mtu kwa kukitazama kitabu hicho.

Tofauti ya waandishi hawa wawili yastahili kuangaliwa kwa makini. Shaaban Robert aliutafuta mzizi wa mafanikio ya Siti katika tabia: bidii, subira, utu, kipaji kisichokubali kuzuiwa na nasaba. Lengo lake ni mafundisho, na anayafanya kwa Kiswahili ambacho hakuna hata mmoja wetu awezaye kukifikia. James naye haikatai tabia; ameandika kurasa nyingi juu ya uadilifu wa Constantine. Lakini kila mara anauliza tena: tabia hii ilijengwa katika klabu gani, mtaa gani, kwa mshahara gani? Katika wasifu wa Siti uzito haukuwekwa hapo. Msomaji anayetaka kujua Ng'ambo ya Unguja ilimfanya nini Siti, waliomsikiliza usiku walikuwa akina nani, na kampuni ya santuri ilipata faida gani, hana budi kutafuta pengine. Hatusemi kwamba Shaaban Robert alikosea. Aliandika wasifu wa kimaadili, na akautimiza. Tunasema kwamba mwanafunzi wa leo akimwiga yeye peke yake, akaandika juu ya mpiga gitaa au mchezaji wa kandanda kwamba alifanikiwa kwa kuwa alikuwa na subira, atakuwa ameeleza nusu ya jambo, na pengine nusu iliyo ndogo.

Hata hivyo James hana kinga dhidi ya lawama. La kwanza tunalomlaumu ni mapenzi yake kwa kanuni za kriketi ya Kiingereza. Shuleni alifundishwa kutobishana na mwamuzi, kutodanganya, kumheshimu mshindani, na mafundisho hayo hayakumtoka maisha yake yote. Halifichi hilo. Lakini anakwenda mbali zaidi: anatoa sehemu nzima ya kitabu kwa W.G. Grace, mchezaji Mwingereza wa karne ya 19, na kumpa cheo ambacho wanahistoria wa nchi ile walikuwa wamemnyima. Sura hizo zimeandikwa vizuri, ila msomaji aliyetoka Shannon anaingia humo kama mgeni. Tukiuliza ni nani aliyeweka kipimo ambacho kwacho Constantine alionekana mkubwa, James hujibu kwamba kipimo ni kizuri na kwamba waliokitunga ndio waliokisaliti kwa ubaguzi wao. Huenda ni kweli. Lakini hoja hiyo inairudisha Lord's katika kiti cha hakimu, baada ya sura za Trinidad kuiondoa hapo kwa taabu kubwa.

Na kuna suala la sauti. Ni Constantine aliyemhimiza James kwenda Uingereza, akamkaribisha nyumbani kwake Nelson, na kwa msaada wake James akachapisha huko mwaka 1932 kitabu chake juu ya Kapteni Cipriani, mtetezi wa wafanyakazi wa Trinidad. Mwaka 1933 kikatoka Cricket and I, kitabu cha Constantine ambacho James alishiriki kukiandika. Kwa hiyo miaka thelathini kabla ya Beyond a Boundary kalamu ya James ilikwisha kupita juu ya maisha haya, na si rahisi kujua wapi anaishia msimuliwa na wapi anaanzia msimulizi. James anasimulia kwamba kijana Constantine alikuwa akisisitiza mbele yake kuwa Waingereza si bora kuliko wao, naye James, msomi, akibisha. Ni mandhari nzuri, na inamheshimu Constantine kwa kumweka mbele ya rafiki yake katika siasa. Hata hivyo James ndiye anayeisimulia, na mwisho wa mandhari anayebadilika na kukua ni James. St Hill yeye hasemi karibu lolote. Wanaolia kwa ajili yake wanasikika zaidi kuliko yeye. Jambo hili hutokea pia katika wasifu wa Siti, na wanaokusanya masimulizi ya wazee wa muziki katika miji yetu watakuwa wamekwisha kukutana nalo: mwenye kinasa sauti huondoka akiwa ameongezeka, na aliyehojiwa hubaki alipokuwa.

Kuhusu matunda ya 1928, kitabu hakitudanganyi, ila ni vema kuongeza lililotokea nje ya uwanja. Nelson walimpenda Constantine, na katika misimu tisa walitwaa ubingwa wa ligi yao mara saba. Lakini mwaka 1943, miaka 15 baada ya saa ile ya Lord's, Constantine alifika London kucheza tena Lord's, na katika hoteli ya Imperial, Russell Square, akaambiwa kwamba hawezi kukaa kwa siku alizoagiza, kwa sababu ya rangi yake na ya familia yake. Alishtaki, akashinda mwaka 1944, na mahakama ikampa fidia ya gini tano. Baadaye akawa wakili, waziri katika serikali ya Trinidad, balozi, na mwaka 1969 akaingia katika Baraza la Malodi, mtu mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo ya maisha. Umbo la kawaida la masimulizi lingeruka kutoka Lord's hadi Malodi bila kupitia Russell Square. Ubaguzi wa uongozi wa timu yenyewe uliendelea pia. Nahodha wa 1928 alikuwa mzungu, Karl Nunes, na James aliporudi Trinidad mwaka 1958 alipigania gazetini Frank Worrell apewe unahodha. Worrell aliiongoza timu huko Australia mwaka 1960 hadi 1961, mtu mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa ziara nzima, na kitabu kinaishia na watu wa Melbourne wakiiaga timu yake barabarani. Ziara ya ng'ambo tena. Inafurahisha kuisoma, lakini kwa mara nyingine hakimu ni umati wa mji wa mbali.

Mwenye kutaka kukifasiri kitabu hiki kwa Kiswahili atakuta kazi ngumu katika maneno ya mchezo, maana mitindo ya kupiga na ya kurusha ina majina kadhaa ambayo lugha yetu haijayahitaji. Katika jina la kitabu lakini Kiswahili kinamsaidia. James alichagua neno lenye maana mbili: mstari unaozunguka uwanja, na kikomo ambacho jamii humwekea mtu. Neno mpaka linabeba zote mbili bila kulazimishwa, na sisi wa kusini mwa Katanga, tunaoishi karibu na Kasumbalesa, tunaongeza ya tatu. Ugumu uko kwenye neno la kwanza. "Kuvuka mpaka" lamfaa Constantine, ambaye alivuka. "Ng'ambo ya mpaka" lawafaa waliomngoja upande wa pili wampime. Kwa St Hill, ambaye alivuka na hakuonekana, na kwa Bondman, ambaye hakutoka Tunapuna na aliinama juu ya mpira kwa uzuri ule ule, mfasiri atalazimika kuchagua, na atakavyochagua ndivyo atakavyokuwa amekisoma kitabu.